Mpishi wa Mlimani na Simulizi za Kila Siku: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Moshi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Moshi na mpishi wa safari za Kilimanjaro, ambaye kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja alijijengea mazoea ya kuandika simulizi kila siku na kuziuza mwenyewe kwa wasomaji wa simu, bila kupitia kwa mchapishaji. Nitamwita Ndugu E. Jina lake, kata anayoishi, kampuni alizofanyia kazi na majina ya simulizi zake vimeondolewa, na viwango vya fedha vimekadiriwa ili visimtambulishe. Kazi yake nimeiacha kama ilivyo, kwa sababu bila mlima kisa chenyewe hakieleweki. Mimi nilikuwa msomaji wake wa rasimu. Nilizisoma daftari zake na nilishiriki katika baadhi ya maamuzi yanayoelezwa hapa. Amesoma maandishi haya na ameridhia yatolewe.

Ushauri mwingi kuhusu kuandika kila siku humchukulia mwandishi kuwa mtu ambaye siku zake zinafanana, mwenye meza yake, saa yake na mlango wa kufunga. Watunzi wengi wa simulizi za Kiswahili ninaowafahamu hawana maisha ya namna hiyo. Ni madereva wa masafa, wauguzi wa zamu, walinzi wa usiku na mama lishe, na ndio ninaowaandikia. Kwao swali la mazoea ni gumu zaidi kuliko linavyoelezwa kwa kawaida, na nadhani kisa cha Ndugu E. kinalijibu kwa sehemu kubwa.

Hali ilivyokuwa

Mpishi wa mlimani huamka kabla ya kambi yote na hulala miongoni mwa wa mwisho. Saa kumi alfajiri huwasha jiko ili maji ya kunawa na chai viwe tayari wageni wanapoamka. Baada ya kifungua kinywa hufunga vyombo, hupanda na mzigo wake, na akifika kambi inayofuata huanza upya. Safari ya njia ya Machame huchukua siku sita au saba, na ya Marangu siku tano au sita, kisha mtu hushuka, hupumzika siku chache na huenda akapangiwa safari nyingine. Msimu mzuri wa wageni ni kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Masika yakianza mwezi Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba, wageni hupungua sana, na mpishi asiye na mkataba wa kudumu hukaa nyumbani akiishi kwa akiba ya tipu za msimu uliopita. Ndugu E. alikuwa wa kundi hilo. Mkewe anauza mitumba, na wana watoto wawili walio shuleni.

Simulizi zake zilianzia kwenye hema la jikoni, ambako jioni, wakati wa kuosha vyombo, alikuwa akiwasimulia wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani, visa vya kutunga, akivikatiza mahali patamu na kuviendeleza kambi ya kesho yake. Mmoja wao alimshauri aviweke kwenye WhatsApp, na ushauri huo ulimkuta katika mwezi wa Aprili, akiwa hana kazi.

Mfululizo wa matukio

Alifungua kundi na kuanza kurusha sehemu moja kila siku saa tatu usiku, takriban maneno elfu moja, aliyoyaandika siku hiyohiyo. Sehemu kumi za mwanzo zilikuwa za bure. Baada ya hapo msomaji alilipa shilingi 1,000 kwa wiki kwa simu. Kufikia mwisho wa Mei alikuwa na wasomaji wanaolipa wapatao arobaini, na kwa kuwa alikuwa nyumbani kila siku, hakukosa hata jioni moja. Kila aliyemwona wakati huo angesema kwamba mazoea yameshajengeka.

Juni akapangiwa safari ya Machame ya siku saba. Alifahamu kwamba shirika la simu la TTCL lilipeleka intaneti mlimani mwaka 2022, hivyo aliwaahidi wasomaji kwamba simulizi haitakatika. Ilikatika siku ya pili. Simu iliisha chaji haraka kwa sababu betri hupoteza nguvu kwenye baridi, benki ya umeme (power bank) aliyobeba ilitakiwa itumike kwa taa ya jikoni, na kwenye kambi ambazo mtandao ulipatikana yeye alikuwa kwenye jiko. Aliposhuka kwa lango la Mweka alikuta ujumbe mwingi sana. Wengi walilalamika kwa upendo kwamba wana arosto, yaani hamu kali ya kuendelea kusoma, lakini wachache walitaka fedha zao. Mmoja aliandika: "Mtunzi, shikamoo. Mimi nimelipia wiki nzima na sijasoma hata mstari. Naomba unirudishie, nitarudi ukiwa tayari." Alimrudishia yeye na wengine watano.

Ili kulipa deni hilo alianza kurusha sehemu mbili kwa siku katika siku zake za mapumziko. Hapo ndipo simulizi yenyewe ilipoharibika. Mhusika aliyezikwa katika sehemu za mwanzo alionekana akiendesha gari katika mojawapo ya sehemu hizo mpya, na wasomaji walipouliza, Ndugu E. alibuni pacha ambaye hakuwahi kutajwa. Safari ya pili ilimkuta akiwa na madeni zaidi kuliko ya kwanza. Mwezi Agosti alitangaza kwamba simulizi imesimama, na kwa wiki kadhaa hakuandika kitu chochote, hata kwa ajili yake mwenyewe.

Maamuzi na sababu zake

Septemba tulikaa nyumbani kwake, yeye, mkewe na mimi, tukiwa na daftari la malipo na chapisho la sehemu zote alizokwisha kurusha. Uamuzi wa kwanza ndio ninaouona kuwa mzito kuliko yote, na ndio alioupinga zaidi: kuandika kutenganishwe kabisa na kurusha, yaani sehemu yoyote isiwafikie wasomaji kabla simulizi nzima haijakamilika kwenye daftari. Hoja yake ya kupinga ilikuwa ya kweli. Alisema kwamba maoni ya wasomaji ya saa tatu usiku ndiyo yaliyompa nguvu ya kuandika kesho yake, na kwamba kuandika miezi mitatu bila kuambiwa neno na mtu ni kujinyima chakula. Tulifikia mahali pa katikati: angeendelea kuwasimulia wagumu jikoni, kama zamani, yale aliyokwisha kuyaandika, ili apate wasikilizaji wa ana kwa ana bila kuwa na deni kwa mtu aliyelipa.

Uamuzi wa pili ulihusu kiwango cha kila siku. Mwanzo alipendekeza maneno mia tano, kwa kuwa aliona ni nusu ya alichokuwa akiandika nyumbani na kwa hiyo ni kidogo. Nilimwomba aanze upande wa pili: siku ngumu kuliko zote katika safari nzima ni ipi, na siku hiyo unaweza kuandika nini? Alijibu bila kufikiri kwamba ni siku ya kambi ya Barafu. Kambi hiyo iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,600. Anafika, anapika mchana, anapika chakula cha jioni mapema, anaamka saa tano usiku kuwaandalia chai wageni wanaoanza kupanda kileleni karibu na saa sita, na wakirudi asubuhi anawalisha tena kabla ya kufunga kambi na kushuka. Siku hiyo, alisema, anaweza kuandika mistari mitano. Basi mistari mitano ikawa ndiyo kiwango cha mlimani, na ukurasa mmoja wa daftari ukawa kiwango cha nyumbani. Jumapili anapokuwa nyumbani haandiki, kwa kuwa ni mwimbaji wa kwaya na siku hiyo si yake, na sikuona sababu ya kumshawishi vingine.

Uamuzi wa tatu ulikuwa juu ya wakati, nao haukufungwa kwenye saa. Saa ya mlimani na saa ya nyumbani haziwezi kulinganishwa, lakini jambo moja hutokea kote kuwili kila siku: watu hula chakula cha jioni na vyombo huoshwa. Aliamua kuandika mara tu vyombo vinapokauka, kabla hajavua viatu. Hicho kilikuwa kigezo chake cha kusisitiza, kwa sababu akishavua viatu na kuingia kwenye begi la kulalia, alisema, hakuna simulizi duniani itakayomtoa.

Vifaa vilikuwa jambo dogo lenye athari kubwa. Simu iliondolewa katika kazi ya mlimani, na nafasi yake ikachukuliwa na daftari dogo la kubeba mfukoni, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na penseli mbili. Alijaribu kalamu ya wino katika safari ya kwanza ya Septemba, ikagoma kwa baridi. Akirudi nyumbani alinakili yaliyomo kwenye simu, na kunakili huko kulikuwa usahihishaji wa kwanza ambao hakuwahi kuufanya kabla.

Kuhusu bei, mkewe ndiye aliyeamua, na aliamua vizuri. Malipo ya shilingi 1,000 kila wiki yalimlazimu msomaji kukatwa makato ya kutuma mara nne kwa mwezi, na yalimlazimu mwandishi kufuatilia nani amelipa wiki gani. Alipanga bei moja ya shilingi 3,000 kwa simulizi nzima, inayolipwa mara moja baada ya sehemu tano za bure. Akachukua pia kazi ya kupokea malipo na kuwaingiza watu kwenye kundi, kwa sababu mumewe alikuwa na tabia ya kuwaruhusu waliosema watalipa mwisho wa mwezi. "Baba watoto, wewe andika," alimwambia mbele yangu. "Nani kalipa na nani hajalipa, niachie mimi."

Tulizungumzia pia kuuza kupitia Amazon, kwa sababu rafiki yake mmoja alikuwa amemsifia njia hiyo. Kwa vitabu vya kidijitali mtandao huo humpa mwandishi, kwa mauzo ya baadhi ya nchi, asilimia 70 ya bei endapo kitabu kinauzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, na asilimia 35 kikiwa chini au juu ya hapo. Kwa shilingi 3,000, ambazo ni zaidi kidogo tu ya dola moja, angebaki na asilimia 35, na wasomaji wake, ambao wengi hawana kadi ya kulipia mtandaoni, wasingeweza kununua. Aliiacha njia hiyo, na kwa wasomaji alionao sioni hoja ya kuirudia.

Msimu wa daftari

Kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba aliandika simulizi ya kwanza kwa utaratibu huo. Daftari zake zinaonyesha jambo ambalo sikulitarajia. Siku nyingi za mlimani zina mistari mitano au saba tu, lakini mistari hiyo karibu yote ni mazungumzo ya wahusika, makali na yenye masikio, yaliyoandikwa na mtu aliyetoka kuwasikia watu wakibishana kuhusu chumvi na mafuta ya taa. Siku za nyumbani, ambako alikuwa na ukurasa mzima na utulivu, ndizo zilizobeba mpangilio wa visa, na mara nyingi maandishi yake ya nyumbani ni mazito zaidi. Simulizi iliyotokana na hali hizo mbili ni bora kuliko aliyoirusha Aprili, na nasema hivyo nikiwa nimezisoma zote.

Vuli ya Novemba ilipomrudisha nyumbani, alikamilisha, akanakili, akaanza kuirusha kwa wiki tatu, sehemu mbili kwa siku, kutoka kwenye akiba iliyokwisha kamilika. Wakati huohuo alikuwa ameanza kuandika ya pili. Wasomaji waliolipa walikuwa karibu sabini.

Kabla wiki hizo tatu hazijaisha, simulizi nzima ilionekana katika kundi lingine ikiwa na kichwa kipya na bila jina lake. Alihuzunika kiasi cha kutaka kufunga kundi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapoitunga kazi yake, hata kama hajaisajili popote, na usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, humsaidia zaidi kama uthibitisho. Daftari za penseli, zenye tarehe za kambi juu ya kila ukurasa, zilifanya kazi ambayo hakuna aliyezikusudia. Alimtumia admini wa kundi lile picha za kurasa kadhaa kwa lugha ya heshima, na baada ya siku chache nakala ikaondolewa. Nakala nyingine ziliendelea kuzunguka, na bado zinazunguka. Hata hivyo baadhi ya watu waliojiunga kulipia simulizi zilizofuata walieleza wenyewe kwamba walimfahamu kupitia nakala za wizi. Sisemi kwamba wizi ulimfaa; nasema kwamba kilichomlinda ni kuwa na kazi inayofuata tayari.

Simulizi ya pili aliirusha katikati ya Desemba. Alitegemea kwamba watu wa Kilimanjaro wanaoishi mikoani, wakirudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, watakuwa na nafasi na fedha. Walikuwa na harusi, ubarikio, vikao vya ukoo na safari za kuwasalimia wazee, na yeye mwenyewe alikuwa mlimani wakati mkewe akijibu maswali ya wasomaji peke yake. Januari ikaja na ada za shule. Waliolipa hawakufika nusu ya wale wa kwanza.

Aprili iliyofuata, katikati ya masika, akairusha ya tatu, na waliolipa walizidi tisini.

Matokeo

Kwa fedha, simulizi ya tatu ilimwingizia takriban shilingi 270,000, na bado zile mbili za mwanzo zinanunuliwa na mtu mmojammoja. Kiasi hicho ni kidogo kuliko anachopata katika safari mbili za msimu mzuri pamoja na tipu. Lakini kilimfikia katika mwezi ambao, kabla ya kuanza kuandika, hakuwa akiingiza hata shilingi, na kilinunua mbolea na kulipa muhula wa mtoto mmoja. Kwa kazi, amekamilisha simulizi tatu, na tangu Septemba ile siku alizokosa kuandika, ukiondoa Jumapili za nyumbani, ni chache. Nyingi kati ya hizo zilikuwa siku za homa na siku za msiba wa mjomba wake.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Akiba ya simulizi iliyokamilika ndiyo iliyoyaokoa mazoea. Katika miezi ya mwanzo Ndugu E. aliandika kwa sababu kuna mtu anasubiri, na msukumo huo ulikuwa mkubwa kuliko wowote niliowahi kuuona. Lakini ulimfanya kila siku ya kushindwa iwe deni kwa watu arobaini, na deni likikua mtu hukimbia. Alipoandika bila mtu kusubiri, siku mbaya iligharimu mistari mitano tu. Najua watunzi wanaoishi vizuri kwa kurusha kile walichoandika leo, na kwa mtu aliye na mtandao na umeme kila siku inaweza kufaa. Kwa mtu wa zamu au wa safari naamini haiwezekani, na nimeona watunzi wazuri wakiacha kabisa kwa kulazimisha.

Kupima kiwango kwa siku ya Barafu kulisaidia kwa sababu nyingine. Kiwango kikubwa humfundisha mtu kwamba kuna siku ambazo kuandika hakuhesabiki, na siku hizo huongezeka. Mistari mitano haikumpa kisingizio. Kuna ukurasa mmoja wa kambi ya Karanga wenye mistari mitano hafifu na chini yake maneno "nimechoka, kesho". Kesho yake kuna mistari kumi na miwili.

Mgawanyo wa kazi nyumbani nauhesabu sawa na hayo mawili. Biashara hii ni ya familia, na mtunzi anayeandika, anayekusanya fedha na anayejibu wasomaji peke yake atapunguza kimojawapo, na mara zote kinachopunguzwa huwa ni kuandika. Ningependa mkewe atajwe kama mshirika katika kila simulizi, na nimelisema hilo kwao wote wawili.

Wakati wa kurusha pia una uzito wake. Kwa kisa hiki fedha ya simulizi ilifaa zaidi ilipokuja kinyume na msimu wa mlima, na mvua ziliwaweka wasomaji ndani jioni.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Mwezi Februari alichapa nakala hamsini za simulizi ya kwanza kwenye steshenari moja mjini, zikiwa zimebanwa kwa gundi, bila ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na bila namba hiyo duka la vitabu alilolifuata lilikataa kuziweka. Gundi ilianza kuachia ndani ya wiki chache. Aliuza takriban kumi na tano kwa wagumu na waumini wenzake, na fedha nyingine imelala kwenye boksi chini ya kitanda. Kuchapa si kosa, ila kulifanywa kabla ya kuuliza ni nani atakayenunua na wapi.

Kura za wasomaji zilimdhuru. Katika simulizi ya pili aliwauliza wasomaji wa sehemu za bure kama binti wa hadithi aolewe na yupi, kisha akabadili mwisho uliokwisha andikwa ili uwapendeze walio wengi. Mwisho huo mpya uliandikwa mlimani kwa siku mbili na unaonekana hivyo. Huku kulikuwa kuvunja uamuzi wa kwanza kwa njia nyingine, na nadhani kulichangia mauzo hafifu ya Desemba kwa kiasi fulani, ingawa msimu wenyewe ulikuwa mbaya.

Usahihishaji bado ni dhaifu. Kunakili kutoka daftarini huondoa makosa ya mpangilio, kwani sasa ana daftari la wahusika lenye umri, makazi na tarehe ya kifo cha kila mmoja, lakini hakuondoi makosa ya tahajia na vituo, na wasomaji wapya huyaona katika sehemu ya kwanza kabisa, ile ya bure, ambayo ndiyo inayopaswa kuwashawishi walipe.

Yanayoendelea

Kwa simulizi ya nne wamekubaliana kutenga sehemu ya mapato ya ile ya tatu kumlipa msahihishaji, ambaye ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, kabla ya sehemu yoyote kurushwa. Ndugu E. amesajili simulizi ya kwanza COSOTA na anaandaa ya pili. Tarehe ya kurusha ya nne imepangwa kuwa wiki ya pili ya Novemba, vuli ikishaanza, na kwa hesabu ya kurasa zilizopo daftarini inatakiwa iwe imekamilika mwishoni mwa Septemba.